Mnauliza: Daktari, makaratasi na sisi wa Uingereza

*Dada, kliniki ya mtaa wamenikatalia kwa kuwa bili ya umeme haina jina langu. Nimepanga chumba tu. (Leicester)*

Rudi. Mwongozo wa NHS (huduma ya afya ya umma) ya England uko wazi: kujiandikisha kwa daktari wa mtaa hakuhitaji pasi, makaratasi ya uhamiaji wala uthibitisho wa anwani. Wanaweza kuomba, hawaruhusiwi kukunyima kwa sababu huna. Mimi nilirudishwa mara mbili. Mara ya tatu niliufungua mwongozo kwenye simu, nikamsogezea dada wa mapokezi. Alisoma, akanipa fomu kimyakimya. Wangapi hawarudi mara ya tatu? Hao ndio hugunduliwa na sukari ikiwa imeshafika machoni.

Ukilazwa hospitali, hapo hadhi yako ya uhamiaji itaulizwa na bili yaweza kufuata. Ila kifua kikuu na VVU hutibiwa bure, uwe na makaratasi au usiwe nayo.

*Nakatwa kodi, na bado viza inanidai ada ya afya. Ni halali?*

Halali, na inauma. Pauni 1,035 kwa mwaka tangu Februari 2024. Wenye viza ya kazi za afya na uangalizi wamesamehewa.

*Mwanangu wa miaka 12 humfasiria bibi yake kwa daktari. Kuna ubaya?*

Upo. Bibi gani atataja damu ya ukeni mbele ya mjukuu? Atasema "tumbo linauma", atapewa panado, basi. Omba mkalimani wakati wa kuweka miadi, ni bure. Na kama bibi ni Mbarawa, taja Chimwini, Kiswahili cha Barawa, wasije wakamletea Msomali kwa kuwa pasi ilitoka Somalia.

*Eti sisi Weusi tunakufa zaidi kwa uzazi. Ni damu yetu?*

Vifo hivyo kweli vimetuzidi: miaka michache nyuma ilikuwa mara nne hadi tano ya Wazungu, sasa ni kati ya mara mbili na tatu. (Msishangilie, kwa sehemu ni vifo vya Wazungu vilivyopanda.) Damu haigeuki haraka hivyo. Tazameni namna tunavyosikilizwa, hata vifaa. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionesha kuwa kile kidude cha kubana kidoleni hupitwa na upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa Weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa Wazungu. Kikisema 96, yaani uko sawa, nawe unahema kwa shida, usinyamaze. Waambie watazame na rangi ya viganja vyako.