Kompyuta Inaanguka Ikiwa Imetulia: Je, Niongeze Volti?

Swali: Nimeipandisha prosesa yangu ya viini 8 hadi gigahezi 5.1 kwenye viini vyote, na nimeifungia volti 1.25 katika BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta). RAM (kumbukumbu ya kazi) ni DDR5, nayo nimeiwashia profaili ya XMP (mipangilio ya kasi kubwa iliyoandaliwa tayari) ya 6400. Nimeendesha Prime95, programu ya kuitesa prosesa, kwa kipimo cha Small FFTs nusu saa nzima bila kosa, na joto halikuvuka nyuzi 79. Hata hivyo michezo hujifunga yenyewe, na mara mbili nimepata skrini ya buluu, moja ikitokea nikiwa nasoma barua pepe tu. Rafiki yangu ambaye amefanya kazi hizi kwa miaka ananishauri nipandishe volti hadi 1.40 na niweke LLC (mpangilio unaozuia volti kushuka kazi inapokuwa nzito) kwenye kiwango cha juu kabisa. Je, 1.40 ni salama, au niishie wapi?

Jibu: Usiongeze kitu kwanza. Swali la "niishie wapi" huletwa kwangu karibu kila juma, na karibu kila mara mwulizaji ameshapewa dawa kabla hajapimwa. Kompyuta ikiganda, ongeza volti. Mchezo ukijifunga, ongeza volti. Ikikataa kuwaka, ongeza volti. Mganga mwenye chupa moja kwa maradhi yote tungemtilia shaka mara moja, lakini akishika bisibisi tunamwita mtaalamu.

Yasome tena maelezo yako mwenyewe, kwa sababu yanaelekeza kwingine kabisa. Volti uliyoifunga haivifikii viini ikiwa kamili wakati wote. Kazi inapokuwa nzito na mkondo wa umeme ukawa mkubwa, mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) huiacha volti ishuke kidogo kwa makusudi, na kazi inapokwisha volti hurudi karibu na kiwango ulichokiandika. Maana yake ni kwamba Prime95 ilipokuwa ikivitwanga viini vyako kwa nusu saa, vilikuwa vinapata pungufu ya 1.25 na vikahimili. Ulipokuwa unasoma barua pepe vilikuwa vinapata volti nyingi kuliko wakati ule wa mateso, na kompyuta ikaanguka. Aliyefia jangwani tunaweza kusema amekufa kwa kiu, lakini aliyekutwa amekufa kando ya mtungi uliojaa maji tunamtafutia sababu nyingine.

Mshukiwa wangu wa kwanza ni RAM. Watu wengi hawaihesabu XMP kuwa ni kupandisha kasi, kwa kuwa huwashwa kwa kubonyeza mara moja na namba yake imechapishwa kwenye boksi. Namba hiyo inahusu vipande vya RAM vyenyewe. Haitoi dhamana yoyote juu ya kidhibiti cha kumbukumbu, ambacho siku hizi kimo ndani ya prosesa, wala juu ya njia za umeme za mazabodi yako, na ukijaza nafasi zote nne badala ya mbili kazi ya kidhibiti hicho huwa ngumu zaidi. Nacho kipimo ulichokitumia kimebuniwa ili hesabu zake zikae ndani ya kashe, yaani kumbukumbu ndogo iliyomo ndani ya prosesa, kwa hiyo RAM yako haikuguswa ipasavyo. Umepima injini kwa nusu saa gari likiwa limeegeshwa.

Tenganisha basi vitu viwili ulivyovichanganya. Zima XMP ili RAM irudi kwenye kasi yake ya kawaida, iache prosesa kwenye 5.1, kisha itumie kompyuta kwa siku kadhaa kama unavyoitumia siku zote, pamoja na kuiacha ikiwa imetulia. Baadaye fanya kinyume chake: rudisha prosesa kwenye mipangilio ya kiwandani, washa XMP, na uendeshe MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi usiku kucha. Kosa moja tu katika kipimo hicho linatosha kuihukumu RAM. Hakuna idadi ya makosa inayovumilika. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na ukiandike, maana anayebadilisha vitatu kwa mpigo hata akipona hajui kilichomponya.

Wakati huohuo fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, na utafute maandishi ya WHEA-Logger, yanayohusu makosa ya vifaa. Tukio namba 19 ni kosa ambalo prosesa ililigundua na kulisahihisha yenyewe bila wewe kuona chochote, na ndilo onyo linalopuuzwa kuliko yote. Tukio namba 18 ni kosa lililoshindikana. Skrini ya buluu yenye msimbo 0x124 au 0x101 huelekeza zaidi kwenye prosesa, na ile ya MEMORY_MANAGEMENT huelekeza zaidi kwenye RAM, ingawa hizo ni dalili tu wala si hukumu. Iwapo ushahidi wote utaangukia kwenye viini, punguza kasi hadi gigahezi 5.0. Utakuwa umepoteza asilimia 2, ambayo hakuna jicho litakaloiona katika mchezo wowote.

Sasa nirudi kwenye hiyo 1.40, kwa sababu ndiyo inayonikera. Nguvu inayotumiwa na prosesa hupanda kwa kufuata mraba wa volti. Kutoka 1.25 hadi 1.40, kasi ikibaki ileile, ni ongezeko la takriban asilimia 25: prosesa iliyokuwa ikila wati 140 itakula zipatazo 175, kabla hujahesabu umeme unaovuja ambao nao huongezeka joto linapopanda. Kwa gharama hiyo yote hutapata hata megahezi moja. Ama LLC ya juu kabisa, hiyo huondoa ule mshuko wa volti niliousimulia, na watu huushangilia mstari ulionyooka kwenye skrini bila kujua kwamba mshuko uliwekwa kwa sababu. Kazi nzito inapokatika ghafla, volti huruka juu kwa muda mfupi mno kabla ya kutulia, na mshuko ndio ulioiachia nafasi ya kuruka bila kuvuka kiwango cha hatari. Programu kama HWiNFO, ambayo kwa kawaida husoma vipimo kila baada ya sekunde 2, haiwezi kukuonyesha mruko huo. Mtu akikuambia "mbona mimi sioni kitu", jibu ni kwamba programu yake haiwezi kumwonyesha.

Wala usijifariji kwa nyuzi 79. Joto la chini halimaanishi kwamba volti ni salama, kwa kuwa volti yenyewe huchosha matabaka membamba ya transista, na mkondo mkubwa huhamisha chembe za metali katika nyaya za ndani kidogo kidogo. Uchovu huo hauonekani siku ya kwanza. Mnamo 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikipokea volti kubwa kupita kiasi, na matokeo yake ni kwamba volti ya chini kabisa inayohitajika ili zifanye kazi ilikuwa imepanda. Maikrokodi (maagizo ya ndani ya prosesa) ya kuzuia hali hiyo ilianza kutolewa Agosti mwaka huo, lakini haikuweza kuziponya zilizokwisha kuharibika. Miongoni mwa walioathirika walikuwamo ambao hawakuwa wamepandisha kasi yoyote. Baadhi ya michezo iliwaletea ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya grafiki imekwisha, wakailaumu kadi isiyo na hatia. Fikiria sasa mtu anayejitengenezea hali hiyo kwa mikono yake: anaongeza volti, prosesa inachoka, inadai volti zaidi, naye anaongeza tena huku akiamini kwamba anatibu.

Kitufe kimoja cha mazabodi hakina huruma zaidi ya rafiki. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za Ryzen 7000 ziliungua, na sehemu ya tatizo ilikuwa volti ya SoC (sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha kumbukumbu) ambayo mazabodi kadhaa ziliipandisha zenyewe pale profaili ya RAM ilipowashwa, hadi AMD ikaweka ukomo wa volti 1.3. Kwa hiyo hata unapowasha XMP, ingia uangalie volti gani zimebadilika pamoja nayo.

Kundi linalonikera zaidi ni lile la wanaogawa orodha za mipangilio tayari, wengine wakiziuza, kwamba prosesa ya aina fulani iwekewe volti kadhaa na kasi kadhaa. Kiwanda chenyewe hakifanyi hivyo. Kila prosesa huandikiwa ndani yake uwiano wake wa volti na kasi, kwa sababu mbili zilizotoka kwenye kisahani kimoja cha silikoni hazilingani. Kunakili namba za mwenzako ni kuazima miwani yake kwa kuwa nyote mna macho mawili. Programu zinazodai kupandisha kasi kwa kubonyeza mara moja nazo mara nyingi hujihami kwa kumwaga volti ya ziada, ili jaribio lao fupi lifaulu na usilalamike leo.

Jambo la mwisho halikuwamo katika swali lako, lakini linanitia wasiwasi kuliko skrini ya buluu. Kompyuta isiyo imara haianguki kila inapokosea. Mara nyingine hukosea hesabu moja, ikaandika jibu lisilo sahihi kwenye diski, na ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukisharudi kwenye mipangilio ya kiwandani, endesha amri ya sfc /scannow ili Windows ikague faili zake. Kazi ulizozihifadhi na nyaraka ulizozifungasha (faili za zip) tangu siku uliyowasha hiyo 5.1 zifungue moja moja sasa, kabla nakala zako za zamani hazijafutwa na mpya.