Kughairi Kutua Si Kosa la Rubani

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama rubani wenu alikosea pale ndege ilipokaribia kabisa kutua Mwanza, kisha injini zikanguruma ghafla mkapaa tena.

Kughairi kutua si kosa, mwanangu. Kabla hawajaanza kushuka, marubani wote wawili hukubaliana kwa sauti watapanda kuelekea wapi wakighairi, na ni kimo gani ambacho hawatakivuka kama hawajaiona njia ya kurukia au taa zake. Kwa mitambo ya kawaida ya kuongozea ndege, mara nyingi ni futi 200, yaani kama mita 60. Yeyote kati yao, hata aliye mdogo kwa cheo, anaruhusiwa kutamka kwamba waghairi, na mimi naona kanuni hiyo ni ya thamani kuliko mtambo wowote.

Anayerusha husukuma mbele mipini ya nguvu za injini na kuinua pua ya ndege. Mwenzake hukunja flapu, yaani vibao vya mabawa vinavyoisaidia ndege kubaki hewani kwa mwendo mdogo, hatua moja tu, kwani mwendo bado ni mdogo na bawa bado linazihitaji. Magurudumu hayakunjwi mpaka vipimo vionyeshe kwamba ndege inapanda kweli. Mnara wa kuongozea ndege huarifiwa baadaye, na abiria baadaye zaidi, ndiyo maana mlikaa kitambo bila kuambiwa neno.

Hatari ipo katika kuyafanya haya bila kuhakikisha. Tarehe 3 Agosti 2016, huko Dubai, Boeing 777 ya Emirates iligusa ardhi mbali kupita ilivyotakiwa, na rubani akaamua kupaa tena. Alibonyeza kitufe cha kuongeza nguvu, lakini mfumo umeundwa kutokiitikia magurudumu yakishagusa ardhi. Injini zikabaki kwenye nguvu ndogo kabisa, magurudumu yakakunjwa, na ndege ikainuka kidogo tu kabla ya kuanguka juu ya njia ile ile. Watu wote 300 waliokuwamo walitoka hai. Zimamoto mmoja alifariki katika mlipuko. Kwa hiyo mkono wa rubani haupaswi kuiacha mipini ile mpaka macho yake yaone kwenye vipimo kwamba nguvu imepanda.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako