Uji kwanza, rejista baadaye

Juzi usiku nilikuwa nasahihisha madaftari ya darasa la nne simu ikaita. Ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mwalimu kijana wa Busia, hajamaliza hata mwaka kazini: "Mama Mwalimu, nasikia shuleni kwenu watoto hawachapwi na bado wanawahi. Mnatumia dawa gani?" Nikacheka peke yangu. Dawa! Nilianza kumjibu kwa sentensi mbili, nikaandika hadi chai ikapoa na mume wangu akazima taa akaniacha na mwanga wa simu. Nikaona basi, haya yawe ya wote, maana najua wengi mnaonisoma ni walimu au wazazi wenye kiu kama yangu: shule iwe ndogo, jina liwe kubwa.

Yetu ni ndogo kweli. Shule ya msingi ya parokia, nje kidogo ya Malaba, upande wetu wa Uganda. Madarasa saba, jiko la mabati, na siku isiyo na vumbi unauona mwamba wa Tororo. Jirani zetu wakubwa ni matrela yanayosubiri kuvuka mpaka wa Kenya. Baraza la mawaziri lilipoamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe shuleni, sisi tulitazamana tu. Watoto wetu walikuwa wameshafundishwa na madereva, na matusi yake yote.

Kabla hamjanisifu, nikiri. Nilikuwa mchapaji. Nilijiambia mimi si wale wa kutisha: viboko viwili vya mkononi kwa mchelewaji, vinne kwa mtoro. Fimbo yangu ilikuwa ya mpera, nimeikwangua mwenyewe kwa kipande cha chupa mpaka ikateleza. Sheria ya watoto iliporekebishwa mwaka 2016 na viboko shuleni vikapigwa marufuku, tuliitwa kwenye semina, tukasomewa, tukatia sahihi, tukala wali, tukarudi kila mtu kwa fimbo yake. Nilijua. Sote tulijua.

Sasa nisikilizeni. Muhula wa kwanza wa 2023 kulikuwa na mvulana wa darasa la tatu. Hawa ni wale walioanza la kwanza Februari 2020, wakakaa darasani wiki sita hivi, shule zikafungwa kwa korona tarehe 20 Machi, wakarudi rasmi Januari 2022 wakiwa wameruka hadi la pili bila kujua a wala be. Huyu alichelewa kila siku ya Mungu. Saa mbili na nusu, saa tatu kasoro, ndiyo anaingia, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Nami namsubiri getini.

Siku moja nilikuwa bado naongea na mzazi, sijamtazama hata. Nilipogeuka nilimkuta ameshasimama mbele yangu, mfuko wa vitabu ameuweka chini, mkono wa kulia ameunyoosha, kiganja juu. Hakusema neno. Alikuwa anasubiri nimalize mazungumzo nimchape aende darasani, kama mtu anayesubiri chenji dukani. Nikamchapa. Ndiyo, nilimchapa. Haya si makala ya malaika.

Saa nne na nusu, mapumziko, nikapita jikoni. Yule kijana yuko nyuma ya tangi la maji, amechuchumaa, anamimina uji wake kwenye chupa ya plastiki ya maji, polepole, chupa ameibana kwa magoti isiyumbe. Hakunywa hata tone. Akaziba chupa kwa gunzi la mahindi, akaifunga ndani ya sweta. Nikamuuliza ya nani hiyo. "Ya mtoto, Madamu."

Jioni nikapanda boda hadi kwao. Chumba kimoja nyuma ya maegesho ya matrela. Mama yake aliponiona tu akashika kichwa: "Amefanya nini tena?" Nikapewa kigoda, nikakaa. Mama huyu huuza chai na mayai kwa madereva usiku kucha. "Mwalimu, mimi narudi trela la mwisho likishakunywa," aliniambia. Na mpaka arudi, kijana ndiye mlezi wa dada yake wa mwaka mmoja na nusu. Hawezi kutoka nyumbani hadi amkabidhi mtoto mkononi. Akishakabidhi, anakimbia. Kilomita tatu. Akifika, ananikuta mimi na mpera wangu.

Sikulala siku hiyo. Nilifikiria mara ngapi nilimchapa muhula ule na sikuweza kuhesabu, na kutoweza kuhesabu ndiko kulikoniumiza zaidi.

Kesho yake fimbo ikaingia kabatini, nyuma ya rejista za zamani. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa kijana wa Busia, na kwenu: muulize mtoto kabla ya kumhukumu. Simama getini asubuhi mikono mitupu. Muulize ametoka wapi, amelala na nani, amekula nini. Muulize.

Pili ni uji. Sheria ya Elimu ya 2008 inasema chakula cha mwanafunzi ni jukumu la mzazi. UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa tangu 1997, iliondoa karo, haikuleta sufuria. Tukakubaliana kila mzazi alete kilo tano za mahindi kwa muhula na kilo moja ya wimbi. Asiye nayo analeta kuni, asiye na kuni anakuja kukoroga. Vikao vya kufikia hapo vilikuwa vitatu na sitawachosha navyo. Ila wimbi nunueni Julai wakati wa mavuno, kabla wapika malwa, ile pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija, hawajalimaliza sokoni. Baada ya hapo mtashindana na mirija, na mirija hushinda.

Jambo kubwa tulilofanya halikuwa na gharama. Uji ulikuwa wa saa nne na nusu, tukauhamishia saa mbili kasoro robo, kabla ya rejista. Basi. Mtoto ambaye usiku hakula chochote atakuja mbio palipo na moto. Ndani ya mwezi mmoja wachelewaji walibaki wa kuhesabika, nami safari hii niliweza kuwahesabu. Na yule kijana tulimpa vikombe viwili, kimoja chake, kimoja cha chupa.

Mengine kwa kifupi. Sista wa parokia anakuja Alhamisi kukaa na watoto wenye mzigo moyoni, chini ya mwembe, mlango hakuna wa kugonga. Mwalimu mlezi wa wasichana amewafundisha wakubwa kushona taulo za kike za pamba, na kuna chumba chenye beseni na sabuni ambacho ufunguo wake hauombwi kwa mwalimu mwanamume. Mpira tulitolewa mapema. Ngoma tulikuwa wa pili katika kanda, na waliokuwa wa kwanza tusiwataje.

Sasa kuna jambo ambalo nimelikalia miaka miwili. Niliposimamisha viboko, nikafuta na masomo ya saa kumi na moja alfajiri, ambako watoto walikuja gizani kando ya barabara ya matrela, mjumbe mmoja wa kamati alisimama mbele ya wazazi wote akasema: "Mwalimu huyu anataka kuwa sista na ana mume." Ukumbi ukaangua kicheko. Nami nilicheka, ningefanyaje. Mwisho wa muhula watoto wanane wakahamishiwa shule moja ya jirani inayofungua milango kabla jogoo hajawika, na aliyewapokea ni mtu niliyesoma naye chuo cha ualimu kitanda kwa kitanda. Hatujaongea vizuri tangu hapo. Januari mwaka huu matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza la saba, yalipotoka, watahiniwa wetu kumi na tisa, watatu divisheni ya kwanza, ile ya juu kabisa, hakuna aliyefeli. Nilipita mbele ya duka la yule mjumbe mara mbili bila kuwa na cha kununua. Mungu anisamehe, lakini nilipita.

Wazazi, nawaambia nanyi. Mnataka mtoto apate nne katika masomo manne, yaani moja kwa kila somo, ambayo ndiyo alama bora kabisa, mnamwamsha saa kumi usiku, mnampeleka tumbo tupu, kisha mnamuuliza mwalimu mbona anasinzia. Mtoto si trela la kupakia usiku likavuka asubuhi. Muulizeni. Na nyinyi walimu wenzangu mnaosema "sisi tulichapwa na tukafaulu", hesabuni mliosoma nao la kwanza ni wangapi walifika la saba. Waliochapwa wakaondoka hawako hapa kutuambia.

Nirudi kwa kijana wetu. Mwaka huu yuko la tano. Juni 3 ni sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, vijana waliouawa kwa ajili ya imani yao ya Kikristo, na shule hufungwa, kwa hiyo tuliigiza Jumatatu tarehe 2 baada ya Misa. Kila mwaka tunaigiza kifo cha Kizito, yule mdogo wa wote, wa miaka kama kumi na minne, aliyebatizwa na Karoli Lwanga kule Munyonyo na kuchomwa moto Namugongo mwaka 1886. Watoto wenyewe ndio walimchagua kijana wetu awe Kizito, kwa kuwa ni mfupi na hacheki hovyo.

Dakika za mwisho aliyeigiza Mukajanga, mkuu wa wauaji, akaja mbio ofisini: hana silaha, mkuki wa mbao umevunjika. Sikufikiri. Nikafungua kabati, nikapapasa nyuma ya rejista, nikampa ule mpera. Kumbe Kizito amesimama mlangoni na kanzu yake ya shuka. Akautazama mkononi mwa mwenzake.

"Madamu," akasema, "hii naijua."

Alisema kawaida tu, kama anayeonyesha njia. Nikamwita ndani, nikamwambia nilikosea, kwamba nilipaswa kumuuliza. Akaangalia chini, akavuta kanzu yake. "Ulikuja nyumbani," akasema. Kisha akatoka, maana ngoma ilikuwa imeanza.

Ule mpera sikuurudisha kabatini. Mpishi ameukata vipande viwili, anakorogea uji wa walimu.

Kijana wa Busia amenijibu leo asubuhi. Anauliza, na yule mtoto siku hizi anawahi? Jumanne hadi Ijumaa, ndiyo. Jumatatu bado anachelewa, kwa sababu Jumapili usiku matrela ni mengi na chai ya mama yake huisha kumekucha. Uji wake tunaufunika na sahani.