Mahali pa kula nje mjini Shepparton, Victoria, Australia: kwa ndugu anayehamia na familia

Ndugu yangu, asalaam aleikum. Umeeleza kwamba umepata kazi katika hospitali ya Shepparton, kwamba unatoka Mombasa pamoja na shemeji na watoto wawili, na ungependa kujua familia ya Kiislamu yenye kipato cha wastani inaweza kula wapi nje ya nyumba bila wasiwasi wa halali na bila kumaliza mshahara. Nimeishi katika mji huo na bado nina jamaa huko, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyala mwenyewe.

Shepparton si mji wa watalii. Ni mji wa wakulima na viwanda vya chakula, kando ya Mto Goulburn, kiasi cha kilomita 180 kaskazini mwa Melbourne, katikati ya mashamba ya umwagiliaji ya mapichi, mapeasi na matufaha, na kiwanda cha SPC kinachosindika matunda hayo kwenye makopo kina historia inayoanzia mwaka 1917. Mashamba na viwanda hivyo ndivyo vilivyowaleta watu. Waalbania walianza kufika miaka ya 1920, Waitalia na Waturuki wakaja kwa nyakati zao, Wairaki wakakimbilia huko miaka ya 1990, Waafghani na Wapunjabi wakafuata, na mwaka 2005 serikali ikaanza mpango wa kuzileta familia za wakimbizi wa Kikongo moja kwa moja hadi mjini hapo badala ya kuziacha Melbourne. Kila kundi lilifika na jiko lake. Kwa sababu hiyo ushauri wangu mkuu ni kwamba usichague mahali pa kula kwa kuangalia picha na nyota za mtandaoni, maana hizo hupendelea migahawa ya kahawa yenye mapambo. Chagua kwa kuangalia ni nani anapika na ni watu gani wanaokula hapo siku ya kazi.

Kwa familia yako ningeanza na Waturuki. Barabara kuu ya mji ni Wyndham Street, na hapo ndipo palipo na Lutfiye's, duka la kebabu ambalo watu wa huko hulitaja kabla ya mengine yote. Katika maduka ya aina hii usikimbilie ile nyama inayozungushwa kwenye chuma kirefu na kukatwa vipande vyembamba, ingawa ndiyo inayouzwa kwa haraka na kwa bei nafuu. Agiza mishikaki ya kondoo au ya kuku iliyochomwa papo hapo, iletwe kwenye sahani pamoja na wali, saladi, mtindi wenye kitunguu saumu na mkate uliotoka kuokwa. Sahani moja ya namna hiyo huwatosha watoto wawili wa umri wa shule ya msingi, na hakuna atakayekushangaa ukiomba sahani tupu ya ziada ili mgawane. Kama watoto hawajazoea mtindi huo, omba uwekwe pembeni, kwa kuwa desturi ya huko ni kuumwagia juu ya kila kitu.

Majiko ya Waafghani na Wairaki sitayataja kwa majina, kwa kuwa hubadilisha wamiliki na hata kuhamia mtaa mwingine mara kwa mara, na jina nitakalokuandikia leo laweza kuwa la duka la simu mwakani. Njia ya uhakika ni msikitini. Mji una misikiti kadhaa, ukiwemo ule wa Waalbania ambao ni miongoni mwa misikiti ya zamani zaidi katika jimbo la Victoria, na baada ya swala ya Ijumaa utakuta watu wenye maoni makali sana kuhusu nani anapika kabuli palau vizuri. Wali huo, wenye karoti na zabibu kavu juu ya nyama ya kondoo, hauna ukali wa viungo vya pilau yetu, na mtu wa Pwani anaweza kuudharau kwa tonge la kwanza. Mpe muda, na uagize na mantu, yaani vidonge vya unga vyenye nyama ya kusaga ndani, vilivyopikwa kwa mvuke. Hao hao wa msikitini ndio watakaokuonyesha mabucha ya nyama halali, na kwa familia inayobana matumizi hilo ni muhimu kuliko mgahawa wowote.

Nasema hivyo kwa sababu moja ya njia bora za kula nje Shepparton haihusu mgahawa kabisa. Kando ya ziwa la Victoria Park, kusini kidogo ya katikati ya mji, kuna majiko ya umma ya kuchomea nyama yanayotumia umeme, yaliyowekwa kwa ajili ya yeyote atakaye, pamoja na meza na uwanja wa watoto. Nunua kuku aliyekwisha kukatwa, mtie ndimu na pilipili nyumbani, mfike mapema saa za jioni kabla familia nyingine hazijashika majiko, na uje na kitambaa cha kufutia na karatasi ya aluminiamu ya kutandika, maana hujui aliyetangulia alichoma nini hapo, na soseji za nguruwe ni za kawaida sana. Mwezi wa Januari joto hupita nyuzi 40 baadhi ya siku. Siku hizo ngoja jua lizame.

Sasa tuje kwenye baa, kwa sababu hutaweza kuzikwepa. Majengo ya kona yenye ghorofa na kibao cha Hotel, kama Aussie na Terminus, ni baa zenye jiko na ukumbi wa chakula, na huko ndiko wenyeji wengi huwapeleka watoto, babu na bibi siku ya kuzaliwa. Wenzako wa wodini watakualika, na si lazima ukatae, kwani ukumbi wa chakula kwa kawaida umetenganishwa na upande wa unywaji, na hakuna atakayeuliza kwa nini unakunywa soda. Chakula chao cha fahari ni parma: kifua cha kuku kilichopondwa, kikapakwa chenga za mkate, kikakaangwa, kisha kikafunikwa mchuzi wa nyanya na jibini. Kinachopaswa kukuhusu ni kile kinachofichwa chini ya jibini, yaani kipande cha nyama ya nguruwe, ambacho menyu wakati mwingine haikitaji kwa kuwa kila mtu anakijua. Hata ukiomba kisiwekwe, kuku mwenyewe huenda si wa halali, na mafuta ya kukaangia ni yale yale ya vitu vingine. Mimi huagiza samaki wa kuchoma na viazi vilivyopondwa. Bei ya mlo wa mtu mzima katika baa hizo huwa kati ya dola 25 na 35, na jioni fulani za katikati ya juma huwa na punguzo linaloandikwa kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni.

Ukialikwa kwenye klabu ya RSL, ambayo ni ya askari wastaafu na ina ukumbi wa chakula wa bei nafuu, utatakiwa kuandika jina lako mlangoni kama mgeni. Katika klabu nyingi za aina hiyo, ifikapo saa kumi na mbili jioni taa hupunguzwa na watu wote husimama kimya kwa muda mfupi kuwakumbuka waliokufa vitani. Waandae watoto. Pia ukumbi wa mashine za kamari huwa jirani na ukumbi wa chakula, na kelele zake hupenya. Binafsi sikupenda kupeleka watoto hapo, lakini wapo rafiki zangu wenye watoto wadogo wanaopasifu kwa nafasi na kwa bei.

Samaki na chipsi ni jambo jingine. Maduka haya yapo katika kila mtaa, na samaki anayeuzwa zaidi Victoria huandikwa kwenye ubao kwa jina la flake, ambaye si mwingine ila papa. Shemeji asishtuke, ni papa mbichi asiye na mifupa, mwenye nyama nyeupe laini, hafanani kabisa na papa mkavu wa sokoni kwetu, na watoto hawatahangaika na miiba. Uliza mambo mawili kabla ya kulipa: kama wanakaangia mafuta ya mimea au ya ng'ombe, na kama kikaango kimoja kinatumika kwa kila kitu, kwa sababu maduka hayo hayo hukaanga dim sim, yaani vidonge vya unga vyenye nyama na kabichi ndani, ambavyo huweza kuwa na nyama ya nguruwe. Wauzaji huulizwa maswali hayo kila siku katika mji huo, na hujibu bila kununa.

Kuhusu migahawa ya kahawa, Fryers Street ndiyo yenye mingi, na Friars ni jina ambalo limedumu hapo. Hufunguliwa asubuhi mapema, wengi huzima jiko saa nane mchana, na kufikia saa tisa viti vimeshapandishwa juu ya meza. Katika barabara hiyo hiyo kuna The Teller Collective, ambayo ni ya jioni na ya sahani za kugawana, na katika High Street kuna Cellar 47 ya chakula cha Kiitaliano; hizo ni za siku ambayo umepata mtu wa kukuangalizia watoto, na bei zake zitakufanya usiende kila mwezi. Jumba la sanaa lililofunguliwa mwaka 2021 kando ya ziwa lina mgahawa unaotazama maji, na kwa kikombe kimoja cha kahawa unaweza kukaa hapo kwa muda mrefu huku watoto wakizunguka humo ndani.

Jambo linalowaumiza wageni kutoka kwetu kuliko bei ni saa. Watu huko hula chakula cha jioni mapema, na majiko mengi hufungwa saa mbili au saa mbili na nusu usiku. Jumatatu na Jumanne migahawa mingi haifunguliwi kabisa. Siku za Jumapili na za sikukuu utakuta bili imeongezwa asilimia kadhaa, mara nyingi 10 au 15, kwa kuwa wafanyakazi hulipwa zaidi siku hizo kwa mujibu wa sheria, na ongezeko hilo huandikwa chini ya menyu kwa herufi ndogo. Kwa upande mwingine bakshishi haitarajiwi, na mahali penye leseni ya pombe panalazimika kisheria kukupa maji ya kunywa bure, hivyo usikubali kuuziwa chupa. Mahali pengi unaagiza na kulipa kaunta, unapewa namba, unaiweka mezani na kusubiri. Ukikaa ukingoja mhudumu aje, utangoja sana.

Chakula cha kwetu hutakikosa, ila hukipati kwa kutazama vibao vya barabarani. Kina mama wa Kikongo hupika sombe (kisamvu), ugali, ndagala (dagaa) na samaki kwa ajili ya harusi, misiba na sherehe za kumbi, na ukishafahamiana na familia moja au mbili zinazozungumza Kiswahili utaanza kupata taarifa za nani anapika Jumamosi na wapi pa kuagiza sambusa. Wapo pia Masingasinga, ambao katika hekalu lao huandaa chakula cha mboga na dengu kwa yeyote anayeingia, bila malipo. Vua viatu, funika kichwa, keti chini na wengine, na usichukue zaidi ya utakachomaliza.

Mkipata gari, nendeni Nagambie, kama dakika 45 kuelekea kusini, ambako shamba la mizabibu la Tahbilk, lililoanzishwa mwaka 1860, lina mgahawa ukingoni mwa maji na njia ya kutembea kwa miguu. Huna haja ya kuonja mvinyo ili upewe meza, lakini mwisho wa juma weka nafasi mapema kwa simu.

Umeuliza mwishoni mle wapi jioni ya kwanza mkishuka kwenye treni kutoka Melbourne. Stesheni haiko katikati kabisa ya mji, na pamoja na mizigo na watoto mtahitaji teksi. Kama mtafika baada ya saa moja na nusu usiku, agizeni kebabu kwa simu mkiwa bado kwenye treni, dereva awapitishe Wyndham Street kuichukua, na mle kwenye chumba chenu.