Kabla ya kununua pedali, jiulize sauti yako inatokea wapi

Jumapili moja baada ya ibada, kijana anayepiga gitaa la solo kwenye kwaya yetu alinifuata nikiwa nakunja nyaya. "Shikamoo kaka. Nimedunduliza laki tatu, nataka pedali. Ninunue ipi?" Kwenye simu yake alikuwa na picha ya ubao wa mpiga gitaa wa Marekani, pedali kumi na moja, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gitaa, zimepangwa bega kwa bega. Kabla ya kumjibu nilimuuliza jambo moja tu: "Wewe ukipiga, sauti yako inatokea wapi?"

Mimi mwenyewe ningeulizwa swali hilo mapema, ningeokoa fedha nyingi. Wengi wetu huku hatupigii kwenye amplifaya ya gitaa. Kanisani gitaa linachomekwa kwenye miksa, pamoja na maikrofoni za waimbaji na kinanda. Kwenye sherehe ni hivyohivyo. Nyumbani ni hedfoni na laptop. Lakini pedali nyingi tunazozitamani mtandaoni, hasa za distoshoni, zile zinazoifanya sauti ikwaruze kama kwenye roki, ziliundwa kwa mtu ambaye mbele yake ipo amplifaya yenye spika ya gitaa.

Hapo ndipo wengi tunapopotea. Spika ya gitaa ya inchi 12 haitoi sauti zote. Ikifika karibu na Hz 5,000 nguvu yake inaporomoka, na ule ukali wa juu unaozalishwa na distoshoni unachujwa hapo. Ndiyo maana sauti inatoka nene na tamu. Spika za ukumbini zina tweeta, spika ndogo ya sauti nyembamba, zinapanda hadi juu kabisa, kwa hiyo zinatoa kila kitu, pamoja na ule ukali ambao haukukusudiwa kusikika. Mara ya kwanza nilipokanyaga distoshoni kanisani, nikiwa nimechomeka moja kwa moja kwenye miksa, ukumbi mzima ulisikia mzinga wa nyuki. Fundi mitambo alinishusha sauti na hakunipandisha tena hadi baraka ya mwisho. Niliumia sana, maana nilikuwa nimejinyima miezi kadhaa kuinunua. Wiki hiyohiyo niliijaribu kwenye amplifaya ya rafiki yangu, ikaimba vizuri kabisa. Kumbe pedali haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo kama sauti yako inatokea kwenye miksa, unahitaji kifaa chenye mwigo wa kabati la spika, yaani kinachochuja sauti kama spika ya gitaa ingefanya. Kwenye vifaa vingi utaona imeandikwa CAB au IR. Malti-efekti ndogo nyingi, yaani kifaa kimoja chenye efekti nyingi ndani, zinao mwigo huo. Zoom G1 Four, kwa mfano, ina miigo ya amplifaya na makabati, tyuna ya kulinganishia nyuzi, ngoma za kufanyia mazoezi na lupa ya kujirekodi na kujirudia, na inatumia betri nne za kawaida za AA au adapta ya volti 9. Ile inayoitwa G1X Four ina kanyagio la ziada la kubadilisha sauti kwa mguu. Ukiipata ya mtumba katika hali nzuri, kwa mpiga gitaa wa kanisani naiweka mbele ya pedali tatu za kawaida bila kusita. Najua wapo watakaosema malti-efekti haina roho. Mimi naona wanazungumzia mazingira mengine, yale ya mtu mwenye amplifaya.

Swali la pili nililomuuliza yule kijana: unapiga muziki gani? Alisema nyimbo za sifa na sebene. Basi hapo distoshoni inakaa mwisho wa foleni. Sikiliza magitaa ya DDC Mlimani Park au ya Les Wanyika, halafu msikilize Diblo Dibala, mpiga solo wa Kongo, anavyokimbia kwenye nyuzi nyembamba. Gitaa ni safi. Kila noti unaisikia inapoanza na inapoishia. Uzuri uko kwenye vidole, kwenye solo na rizimu kupishana bila kugongana, na juu yake mwangwi kidogo, pengine na efekti ya korasi kidogo ya kuifanya sauti ing'ae. Ukipaka distoshoni juu ya sebene, noti zinashikana na ule mchezo unapotea.

Kwa hiyo kama utanunua pedali moja tu kwa muziki wetu, nunua ya mwangwi, ile inayoandikwa DELAY. Kampuni kama Donner, Mooer na Caline zinatengeneza ndogo za bei ya chini, na kwa mwangwi wa kawaida zinafanya kazi yake vizuri. Nyingi zina vitufe vitatu vya kuzungusha: muda, marudio na kiasi. Kitu kinachowashinda wengi ni muda. Kuna hesabu nyepesi: chukua 60,000, gawa kwa idadi ya mapigo ya wimbo kwa dakika. Wimbo wa mapigo 120 unakupa milisekunde 500, huo ni mwangwi unaorudi kila pigo. Nusu yake, 250, unarudi mara mbili kwa pigo. Muda ukikaa sawa na ngoma, mwangwi unasikika kama gitaa la pili linalokuitikia. Ukikosea muda, unawavuruga wenzako wote jukwaani, na mpiga ngoma ndiye atakayekuwa wa kwanza kukugeukia. Marudio yasizidi mawili au matatu. Kiasi weka chini kuliko unavyodhani, kwa sababu ukumbi nao una mwangwi wake.

Korasi inafuata, halafu kompresa, inayosawazisha noti kubwa na ndogo, ikiwa unapiga rizimu sana. Rivabu, ile inayokupa hisia ya ukumbi mkubwa, mwachie fundi mitambo. Anayo kwenye miksa yake. Ukija kuwa na kadhaa, mpangilio uliozoeleka ni tyuna, kompresa, ovadraivu (ndugu mpole wa distoshoni) au distoshoni, korasi, mwangwi, kisha rivabu. Sababu yake ni hii: distoshoni ikikaa baada ya mwangwi, inayavuruga marudio yote kwa pamoja na kuyafanya uji. Wapo wanaofanya hivyo kwa makusudi, lakini anza na njia hii.

Sasa umeme, ambao hakuna anayeutaja dukani. Pedali nyingi zinatumia volti 9 za mkondo mmoja (DC), na upande hasi uko katikati ya plagi. Kwenye adapta kuna mchoro mdogo wa duara wenye alama ya kutoa na ya kujumlisha. Alama iliyounganishwa na kitone cha katikati ndiyo inayohesabika. Adapta za ruta za intaneti kwa kawaida ni kinyume, chanya kiko katikati. Plagi inaingia bila shida, hivyo ni rahisi kudanganyika. Mimi niliua pedali ya korasi kwa adapta ya ruta, tena ilikuwa ya volti 12. Ilitoa harufu ya kuungua na haikuwaka tena. Fundi aliifungua na kuniambia ingegharimu zaidi kuitengeneza kuliko kununua nyingine.

Soma pia upande wa kuingiza umeme. Ukitumiwa adapta na ndugu aliyeko Marekani na imeandikwa 120V peke yake, usiichomeke ukutani kwetu, maana umeme wetu ni volti 230. Tafuta iliyoandikwa 100-240V. Kisha angalia miliampea (mA), yaani kiasi cha umeme ambacho adapta inaweza kutoa. Ovadraivu ya kawaida inakula chini ya 20, ila mwangwi wa dijitali unaweza kula 100 au zaidi. Jumlisha mahitaji ya pedali zako zote, na adapta iwe na akiba juu ya hapo. Na kama unagawa adapta moja kwa pedali nyingi kwa ule waya wenye vichwa vitano, ukasikia mlio mwembamba usioisha, mara nyingi ni ile ya dijitali inayochafua umeme wa wenzake. Ipe adapta yake peke yake. Ule mvumo mzito wa chini ni jambo lingine, mara nyingi unatokana na soketi isiyo na waya wa ardhini au kebo mbovu. Kebo nzuri mbili zinakuja kabla ya pedali yoyote, na hapa sirudi nyuma.

Ukienda kununua za mtumba, beba gitaa lako na kebo yako. Fungua kifuniko cha betri uangalie kama kuna kutu ya kijani. Zungusha kila kitufe taratibu ukisikiliza mikwaruzo, kisha kanyaga swichi mara kumi mfululizo. Pedali za chuma za zamani hazichakai haraka. Boss DS-1 ipo sokoni tangu 1978 na ukikuta ya miaka mingi bado inafanya kazi ni jambo la kawaida. Muuzaji akikukataza kujaribu, ondoka.

Laptop ni habari nyingine, na kwangu ndiko fedha kidogo inakwenda mbali zaidi. Ukiwa na kompyuta ya kawaida, unahitaji saundi kadi ya nje, kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta, yenye tundu la gitaa. Tundu hilo huandikwa INST au Hi-Z. Lina ukinzani wa karibu ohm milioni moja, ambao gitaa la umeme linauhitaji. Ukichomeka gitaa kwenye tundu la maikrofoni la laptop, sauti inafifia, kana kwamba umeifunika na blanketi. Behringer UM2 ni kati ya zile za bei ya chini kabisa na inatosha kuanzia. Focusrite Scarlett Solo ni bora zaidi kama mfuko unaruhusu. Na kabla ya kununua malti-efekti ukitegemea tundu lake la USB kwa kurekodia, uliza vizuri, kwa sababu kwenye baadhi tundu hilo ni la kusasisha programu ya kifaa tu.

Programu ninayoitumia kurekodia ni Reaper. Unaipakua nzima na kuijaribu siku 60 bila malipo, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Faili lake la kusakinisha ni dogo, jambo la maana kwa anayeishi kwa bando, na inakimbia hata kwenye laptop ya zamani. Ndani yake kuna tyuna, kompresa, mwangwi, hata kitu kinachoitwa ReaVerb kinachoweza kupakia mafaili ya IR, yaani ule mwigo wa kabati niliousema. Juu ya hapo ongeza Neural Amp Modeler, plagini (programu ndogo ya kuongezea ndani ya Reaper) ya bure kabisa inayoiga amplifaya halisi kwa kujifunza sauti zake. Watu duniani wanagawana bure mafaili ya amplifaya ambazo sitazishika maishani. Laptop ikilemewa, chagua faili jepesi.

Wengi watakwambia FL Studio, kwa kuwa ndiyo iliyojaa kwenye studio za Bongo Fleva. Ni programu nzuri sana kwa kutengeneza midundo. Lakini toleo lake la chini, Fruity, kwa miaka mingi halikurekodi gitaa kama sauti, ulihitaji toleo la juu yake, Producer. La majaribio nalo linakuruhusu kuhifadhi kazi ila huwezi kuifungua tena mpaka ununue. Hapo ndipo watu hukimbilia iliyovunjwa kufuli. Niliwahi kuiweka moja niliyopewa kwenye flashi. Ilikuja na kirusi kilichofunga mafaili yangu yote, pamoja na rekodi pekee niliyokuwa nayo ya marehemu mjomba akipiga besi. Siwezi kuirudia tena ile rekodi. Kama huna hata shilingi, BandLab kwenye simu ni ya bure, na kwenye iPhone au Mac ipo GarageBand. Audacity ni nzuri kwa kukata na kusafisha sauti, ila haikuundwa kukusikilizisha efekti wakati unapiga.

Jambo moja litakusumbua siku ya kwanza: unapiga, sauti inachelewa kutoka. Usiirudishe saundi kadi dukani. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO, programu inayopitisha sauti kwa haraka kati ya saundi kadi na kompyuta. Kama kifaa chako hakina ya kwake, ASIO4ALL ni ya bure. Kisha punguza bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakikusanya kwanza kabla ya kukichakata. Bafa ya sampuli 512 kwa kasi ya Hz 44,100 ni karibu milisekunde 12, na hiyo ni kwa upande mmoja tu, kuingia, bado kutoka. Ukishusha hadi 128 inakuwa kama 3. Sauti hewani huenda takribani mita moja kwa milisekunde 3, kwa hiyo hapo ni sawa na kusimama hatua chache kutoka kwenye amplifaya yako, umbali ambao mkono hausumbuki nao. Laptop ikianza kukwaruza, panda hadi 256 na ufunge kivinjari.

Yule kijana hakununua distoshoni. Alichukua pedali ndogo ya mwangwi, adapta yake sahihi, kebo mbili, na saundi kadi ya mtumba niliyomjaribia kwa laptop yangu. Juzi usiku alinitumia sebene aliyoirekodi chumbani kwao, mapigo 118, mwangwi ukiwa milisekunde 508, ameuhesabu mwenyewe. Mwanzoni kuna jogoo anasikika kwa mbali. Nimemwambia asimkate.