Kuchaji gari la umeme Eldoret: anza na tundu la gari lako

Fungua kifuniko cha tundu la kuchajia kabla hujafungua ramani ya simu. Nissan Leaf zilizotumika, zile zinazotoka Japani, zina matundu mawili: dogo ni Type 1 la AC (umeme kama wa nyumbani, wa kuchaji polepole), kubwa ni CHAdeMO la DC (wa kuchaji kwa kasi). Nguzo za kuchajia za AC kwenye hoteli na maduka makubwa kwa kawaida zina tundu la aina nyingine, Type 2, na nyingi hazina kebo yake. Kwa hiyo kebo ya Type 2 kwenda Type 1 ikae kwenye buti siku zote. Gari lililoundwa kwa soko la China lina GB/T, tundu la kiwango cha China, na hapo bila adapta utaitazama tu nguzo.

Usidanganywe na "kilowati 22" iliyoandikwa kwenye nguzo. Kwa AC, anayeamua kasi ni chaja iliyo ndani ya gari. Leaf nyingi za Japani huvuta kilowati 3 hivi, nyingine 6. Tuseme betri ni ya kilowati-saa 40 nawe unataka kutoka asilimia 20 hadi 80. Hizo ni kilowati-saa 24, na ukiongeza zinazopotea kama joto zinafika 27. Kwa kilowati 3 ni saa tisa, kwa 6 ni saa nne na nusu.

Soketi ya kawaida ya ampea 13, chaja ya kubebeka ikiwekwa ampea 10, itachukua kama saa kumi na moja. Ndiyo maana katika mji mdogo tunaithamini hoteli yenye soketi nzuri karibu na maegesho kuliko chaja ya kasi iliyo moja tu mjini. Lakini soketi hizo ndizo zinazoungua. Plagi ya ampea 13 haikuumbwa kubeba mzigo wake wote usiku kucha, na soketi iliyolegea huyeyuka hata kwa mzigo mdogo. Baada ya nusu saa iguse plagi: ikiwa vuguvugu, sawa, ikikuunguza mkono, shusha hadi ampea 8 au tafuta soketi nyingine. Kebo ya kuongezea iwe ya milimita mraba 2.5, na ikunjuliwe yote, maana ikibaki imeviringishwa hupata joto. Chaja ikiwasha taa nyekundu na kukataa kuanza, mara nyingi waya wa athi (unaokwenda ardhini) haupo. Usijaribu kuikwepa kinga hiyo.

Halafu kuna mlima. Nakuru hadi Eldoret ni kama kilomita 155, na hadi Timboroa, kileleni mwa njia hiyo, unapanda takriban mita 900. Kuliinua tu gari la tani 1.6 kunakula kilowati-saa 4 na ushei, sawa na kilomita 25 za tambarare; mteremko wa upande wa pili hurudisha sehemu tu. Leaf ya kilowati-saa 40 itoke Nakuru na asilimia 90 au zaidi. Ile ya 24 iliyochakaa usiijaribu bila pa kuchajia katikati.

Ukifika, kumbuka betri ya Leaf hizi zilizotumika haina mfumo wa kuipoza. Ikiwa imeshapata moto, kuchaji kwa DC kutakwenda polepole, na baada ya asilimia 80 polepole zaidi. Chomoa, mwachie mwenzako. Mpigie simu mlinzi wa kituo kabla hujaondoka, umuulize mambo mawili: nguzo inawaka leo? Stima ikipotea, jenereta inaibeba chaja, au ni taa na jikoni tu?