Handaki la radoni Austria na viungo vya mama: je, aachishwe dawa?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yetu ana miaka 56, tunaishi naye hapa Sakina, Arusha. Anaumwa baridi yabisi ya vidole, viwiko na magoti. Vidole vyake hukakamaa tangu alfajiri mpaka saa nne asubuhi. Anameza methotreksati kila Jumapili. Sasa shemeji yetu anayefanya kazi Vienna anataka kumpeleka kwenye handaki moja la milimani huko Austria, ambako wagonjwa wa viungo hulala wakivuta gesi ya radoni. Anasema mama akitoka humo ataachana na vidonge. Jirani naye anasema tusipoteze nauli, maji ya chemchemi ya Chemka yana kitu hicho hicho. Mimi nimesoma kwamba radoni inaleta saratani ya mapafu. Gesi inayoua mapafu inatibuje magoti? Na je, tumwachishe dawa?

JIBU: Marahaba. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linaloweza kumdhuru mama mapema kuliko yote. Asiache methotreksati. Asiache kabla ya safari, asiache akiwa huko, na hata akirudi anajisikia mwepesi, asiache mpaka daktari wake aseme.

Ugonjwa wa mama, kwa jinsi ulivyoueleza, ni ile baridi yabisi tunayoiita ya rumatoidi. Kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utando unaozunguka viungo. Utando huvimba, hujaa maji, na usipodhibitiwa hula gegedu na mfupa wenyewe hadi vidole vinapinda. Kwa hiyo kuna maumivu, na kuna kuliwa kwa kiungo, na haya mawili hayaendi sambamba siku zote. Nimeona wagonjwa waliotulizwa maumivu vizuri kabisa kwa vidonge vya dukani, huku picha za eksirei zikionyesha mifupa inazidi kulika. Methotreksati inashughulika na yote mawili. Radoni, kwa ushahidi tulio nao, inapunguza maumivu. Haijathibitishwa kuzuia kiungo kisiliwe. Hapo ndipo shemeji anapokosea.

Lakini hajadanganywa kuhusu handaki lenyewe. Lipo kweli, katika bonde la Gastein. Lilichimbwa miaka ya 1940 watu wakitafuta dhahabu. Dhahabu ya maana haikupatikana, ila wachimbaji waliokuwa na maumivu ya viungo wakaanza kusema wamepata nafuu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Innsbruck wakaenda kupima, na mwaka 1952 likafunguliwa kwa ajili ya tiba. Humo ndani joto ni kati ya nyuzi 37 na 41.5, unyevu wa hewa unafika hata asilimia 100, na radoni ni takriban bikereli 44,000 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Bikereli moja maana yake ni atomu moja inayovunjika kila sekunde. Jáchymov, katika Jamhuri ya Cheki, wamekuwa wakiogesha wagonjwa kwa maji ya radoni tangu 1906. Ni mji uleule ulikotoka mawe ambayo mwanasayansi Marie Curie na mumewe waliyatumia kupata metali yenye mionzi iitwayo radiamu.

Sasa nije kwenye swali lako la mapafu na magoti, ambalo ni swali zuri sana. Urani iliyomo kwenye miamba huvunjika polepole hadi kuwa radiamu, na radiamu ikivunjika huzaa radoni. Hii ni gesi isiyo na rangi wala harufu, na haishikamani na kemikali yoyote mwilini. Ukiivuta inaingia kwenye damu, inajificha zaidi kwenye mafuta, kisha unaitoa kwa pumzi. Saa chache baada ya kutoka handakini, karibu yote imeshaondoka. Atomu chache zinazovunjika zikiwa bado mwilini hutoa mionzi ya alfa. Mionzi hiyo haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita, lakini nguvu yake yote inaishia kwenye seli chache zilizo jirani. Kwa dozi ndogo, seli hizo zinaonekana kuitikia kwa kutuliza kinga: watafiti wamepima damu za wagonjwa na kukuta kemikali iitwayo TGF-beta, mojawapo ya zile zinazopoza mashambulizi ya kinga, imeongezeka baada ya tiba.

Madhara ya mapafu hayaletwi hasa na gesi yenyewe. Yanaletwa na vitu inavyovizaa ikivunjika: metali zenye mionzi za poloniamu, bismathi na madini ya risasi. Hivyo si gesi. Vinanata kwenye vumbi, vinatua kwenye njia za hewa na kuendelea kuvunjika hapohapo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba radoni inasababisha kati ya asilimia 3 na 14 ya saratani za mapafu, kutegemea nchi, na kwa mvutaji sigara hatari ni kubwa zaidi mara nyingi. Shirika hilo hilo linapendekeza hewa ya nyumbani isizidi bikereli 100 kwa mita ya ujazo. Handaki lina mara 440 ya kiwango hicho.

Inatisha, lakini angalia na muda. Tuseme mgonjwa analala humo saa moja kwa kila zamu, zamu kumi katika wiki tatu. Kwa hesabu ya haraka, 44,000 mara saa 10 ni 440,000. Mtu anayekaa saa 12 kila siku kwenye nyumba yenye bikereli 100, kwa mwaka mzima, anapata 438,000. Yaani safari moja ya tiba inakaribia mwaka mmoja ndani ya nyumba ya namna hiyo. Hatari ipo na inajumlishwa juu ya nyingine, ila kwa mwanamke wa miaka 56 asiyevuta sigara, mara moja, ni ndogo. Kijana wa miaka 20 anayetaka kwenda kila mwaka ningemjibu tofauti.

Na je, nafuu inaletwa na radoni au na lile joto? Mtu yeyote mwenye viungo vibovu akilazwa kwenye nyuzi 40 atasikia nafuu siku hiyo. Huko Bad Brambach, Ujerumani, walijaribu kutenganisha mambo haya. Wagonjwa 60 wa baridi yabisi ya rumatoidi walipewa mabafu 15. Wote waliogeshwa kwa maji yenye gesi ya kaboni, lakini nusu yao maji yao yalikuwa na radoni pia, bila wao kujua. Matokeo yalitoka mwaka 2000. Mwisho wa tiba makundi yote mawili yalijisikia vizuri, pasipo tofauti ya maana. Tofauti ilijitokeza baadaye: miezi sita ilipopita, waliopata radoni walikuwa bado na nafuu ya maumivu, wenzao ilikuwa imewaishia. Kwangu huo ni ushahidi wa kweli, ingawa watu 60 ni wachache. Kwa ugonjwa mwingine, ule wa uti wa mgongo kukakamaa unaowapata zaidi vijana wa kiume, utafiti wa wagonjwa 120 wa Uholanzi uliochapishwa 2001 ulionyesha kwamba waliokaa wiki tatu kwenye vituo vya tiba ya maji, kimojawapo hapo Gastein, walikuwa na nafuu kwa hadi wiki 40 kuliko waliobaki nyumbani na dawa na mazoezi yao.

Kuhusu Chemka, jirani amekosea. Radoni ni gesi. Hata kama maji ya chini ya ardhi yanaibeba, yakishatoka kwenye chemchemi ya wazi, yanatiririka na watu wanarukaruka humo, gesi inapaa na upepo. Kwenye vituo vya tiba maji huletwa kwa bomba lililofungwa mpaka kwenye bafu. Mpelekeni mama Chemka akaloweke magoti kwenye maji yale vuguvugu na kunyooshanyoosha miguu, atafurahi na ni mazoezi mazuri. Ila asiende na kidonda wazi, maana methotreksati inapunguza kinga.

Nichomeke jambo moja hapa kwa sababu unaandika kutoka Arusha. Kama mama amekulia kwenye miteremko ya Meru yenye maji ya floraidi nyingi, na meno yake ni ya kahawia, mwambie daktari. Floraidi ikijaa mifupani miaka mingi hukakamaza mgongo na viungo, na maumivu hayo hayatibiwi na methotreksati wala radoni. Picha ya eksirei inasaidia kuyatenganisha.

Tafadhali pia, mtu asiwauzie maji ya chupa, jiwe au kidani "chenye nguvu ya radoni". Radoni huondoka kwa pumzi, lakini radiamu, ambayo huweza kuwamo kwenye vitu kama hivyo, hukaa kwenye mifupa, na nusu yake tu ndiyo huisha baada ya miaka 1,600. Tajiri wa Marekani, Eben Byers, alikunywa maji ya radiamu kwa miaka kadhaa akiamini ni dawa. Taya lake lilioza na akafa mwaka 1932.

Mkiniuliza mimi, fedha ya nauli ya Austria ningeielekeza kwanza kwenye methotreksati isiyokatika, asidi ya foliki, vipimo vya ini na damu kwa wakati, na mazoezi ya viungo na mtaalamu pale KCMC au hospitali iliyo karibu nanyi. Kukakamaa mpaka saa nne asubuhi ni dalili kwamba ugonjwa haujadhibitiwa. Huenda dozi haitoshi, au anahitaji dawa ya pili. Hilo lisisubiri viza.

Shemeji akisisitiza na fedha ni yake, mama anaweza kwenda kwa sharti kwamba hana kikohozi cha muda mrefu wala homa, moyo wake ni mzima, tezi ya shingo haifanyi kazi kupita kiasi, hana saratani, haogopi sehemu zilizofungwa, na viungo havijawaka vibaya wiki hiyo. Abebe methotreksati za Jumapili zote atakazokuwa huko. Kama anatumia prednisoloni, asiikatishe ghafla kwa hali yoyote, hata siku mbili. Na kuanzia kesho asubuhi mwandikie kwenye daftari saa ambayo vidole vinalegea, kila siku. Mkiwa na kurasa hizo za kabla ya safari, na nyingine za mwezi wa tatu na wa sita baada ya kurudi, mimi au daktari wake tutaweza kuwaambia kama handaki lilimsaidia.